Siku nne Zanzibar: snorkeli au mitungi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunakuja Zanzibar mwezi wa pili, tunafika Alhamisi jioni na Jumatatu saa nane mchana tunapanda ndege kurudi Mwanza. Tuko na kijana wetu wa miaka tisa. Mume wangu ana miaka 46, ana presha na anameza dawa, lakini yeye kashikilia twende tukadaivu na mitungi ya hewa mgongoni, anasema kufika Zanzibar halafu ukaelea juu ya maji na kibomba mdomoni ni sawa na kwenda Serengeti ukaishia getini. Mimi kuogelea najua kidogo tu, kwa ziwani, tena miguu ikiwa karibu na mchanga, na utotoni nilikuwa na pumu. Pesa iliyopo ni ya kitu kimoja. Tuchague kipi?"

Marahaba dada yangu, na shemeji msalimie sana, hiyo ya Serengeti getini imenichekesha mpaka nikawasomea wenzangu kwenye boti.

Jibu langu ni snorkeli, hicho hicho kibomba cha kuelea nacho, wote watatu, siku zote mlizonazo, na chenji itakayobaki mkale pweza. Na nasema hivi mie ambaye ugali wangu unatoka kwenye mitungi, ni instrakta wa skuba huku kaskazini mwa Unguja mwaka wa kumi na tano sasa, kwenye snorkeli siambulii hata senti, kwa hiyo usidhani navutia kwangu. Bosi akisoma hapa basi tena. (Halafu nikienda Dar nikisema kazi yangu mzamiaji watu wananiuliza ulizamia Sauzi au Ugiriki, nshazoea.)

Tuanze na hilo geti la Serengeti maana ndipo shemeji alipoteleza. Mwambie kwenye mwamba wa bahari simba wako getini. Matumbawe si mawe, ni wanyama, na ndani ya miili yao wamefuga vimwani vidogo mno usivyoweza kuviona kwa jicho, vinapika chakula kwa jua kama jani la muhogo linavyopika, sasa jua likipungua chakula nacho kinapungua, ndo maana matumbawe yale ya kusongamana kama maua kwenye bustani mengi yapo juu juu, mita moja, mita tatu, mita sita, na samaki wadogo wa rangi wapo hapo hapo kwa sababu ndo nyumbani kwao. Ukishuka sana unakuta mambo mengine, yapo na yana utamu wake ntayasema, ila ile picha ya mwamba iliyomfanya shemeji aitamani Zanzibar, nakuhakikishia imepigwa pasipo na kina kirefu.

Halafu kuna habari ya rangi. Maji yanakula rangi na ya kwanza kuliwa ni nyekundu, ukifika mita tano hivi nyekundu inaanza kufa, inafuata ya machungwa, inafuata njano, mpaka huko chini dunia nzima inakuwa bluu na kijivu. Mwaka wangu wa pili kazini nilijikata kidole kwenye ganda la chaza tukiwa kama mita 20, natazama damu inatoka ya kijani, kijani kabisa kama maji ya mchicha, nikajua leo nimekwisha. Nilivyopanda juu ikarudi nyekundu, mwalimu wangu akacheka wiki nzima. Ndo maana wapiga picha wa chini wanashuka na mataa makubwa. Wewe wa snorkeli taa yako ni jua, bure.

Na kuna kitu wateja wa mitungi hawakijui mpaka siku wakivua mitungi: kelele. Mtu wa skuba kila akitoa pumzi ni mapovu gulugulugulu sikioni, na samaki wengi hawayapendi wanasogea. Ukiwa na kibomba tu maji yamenyamaza, unamsikia samaki pono anavyotafuna mwamba kru, kru, kama mtoto anatafuna muwa chumba cha pili, halafu akitoka hapo utamuona anaachia nyuma kiwingu cheupe, mchanga ule, sehemu ya mchanga mweupe mnaokuja kupigia picha ufukweni umepitia tumboni mwa pono. Kijana wenu atalipenda hilo kuliko yote, watoto wa miaka tisa nawajua.

Sasa tuseme shemeji kashinda mjadala na Ijumaa asubuhi mmelipa mitungi. Leseni hana, kwa hiyo atapewa daivu ya majaribio, na hiyo mwisho wake ni mita 12 na instrakta yupo ubavuni kwake muda wote kamshika jaketi. Kabla ya hapo kuna maelezo, halafu bwawani au maji ya kiuno, toa regyuleta (kile cha kuvutia hewa) mdomoni, rudisha, ingiza maji kwenye maski, yatoe, bana pua upulize taratibu masikio yafunguke. Nusu siku imeondoka hapo. Ndo mnapanda boti. Chini kwenyewe piga hesabu na mie: mtungi wa lita 12 ukijazwa mpaka presha ya 200 unabeba hewa kama lita 2,400, na inatakiwa urudi juu na robo yake, zimebaki 1,800. Mtu mgeni mwenye wasiwasi anavuta lita 25 kwa dakika akiwa juu, ila kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza mgandamizo mmoja kamili kama huu wa hewa ya juu, kwa hiyo akiwa mita 10 kila pumzi inabeba hewa mara mbili, ni lita 50 kwa dakika. Dakika 36. Na katika hizo 36 kumi na tano za mwanzo huwa hazioni samaki, zinaangalia saa ya hewa na macho ya instrakta. Sisemi kwa dharau, mie mwenyewe daivu yangu ya kwanza nakumbuka mchanga tu.

Masikio ndo yanawatoa wengi. Watu wanadhani hatari iko chini sana, kumbe zile mita za mwanzo ndo kali, maana kutoka juu mpaka mita 10 hewa ya ndani ya sikio inaminywa inabaki nusu. Kampuni moja niliyofanyia kazi zamani, jina silitaji, nilipata mteja amekuja na mkewe, baba mtu mzima ana mafua, na mafua akayaficha, kumbe alijipuliza dawa ya pua hotelini asubuhi. Kwenye fomu hana kitu. Tukashuka, mita mbili sawa, mita tatu akaanza kukunja uso, namwonesha ishara tupande kidogo tusubiri, yeye ananionesha dole gumba na kidole, freshi, freshi. Mita tano akashika sikio kwa mikono miwili. Tulivyofika juu damu kidogo puani, sikio linavuma, likizo yote akatembea na pamba na daktari akamwambia hakuna kuogelea. Mkewe alikuwa juu na maski yake ya kuazima, anapiga makelele ya furaha kaona kasa. Yule baba sitasahau alivyokuwa anamtazama.

Na fomu yenyewe isikilize vizuri. Kabla ya mtungi unajaza maswali ya afya, presha imo, pumu imo, moyo, kifafa, ujauzito. Ukijibu ndio kwenye hayo wanakutaka barua ya daktari. Pumu ya utotoni si kwamba inakufungia maisha, daktari anaweza kukupima akakuruhusu, ila hofu ipo kwa sababu: ukivuta hewa ya mtungi chini halafu ukapanda, ile hewa inatanuka, na kama kuna kona ya pafu imeziba haipati pa kutokea. Hili hakuna mtu wa kulifanyia kazi ya kubahatisha, na kama papasi wa ufukweni, wale madalali wa wageni, akikwambia "weka tu hapana, hamna shida mama", hapo hapo geuka uondoke. Mtoto wa miaka tisa baharini na mtungi haendi kabisa, ni miaka kumi na kuendelea, wa minane na tisa wanachezeshwa bwawani mwisho mita mbili. Kwa hiyo familia ya watu watatu, ukimtoa mtoto na tukikutilia shaka wewe, anayeshuka ni mtu mmoja, naye barua ya daktari anayo? Wenzake wawili wanakaa juu ya boti wanatapika.

Ndege nayo. Ukivuta hewa yenye mgandamizo naitrojeni inaingia kwenye damu na nyama za mwili, kama gesi ilivyofichwa ndani ya soda, ukipanda polepole na kukaa muda wa kutosha inatoka kistaarabu, ukienda haraka sehemu yenye presha ndogo ni kufungua kizibo, na ndani ya ndege presha ni ndogo. Kanuni tunayoifuata ni saa 12 kama ulidaivu mara moja tu, saa 18 kama ulidaivu mara nyingi au siku nyingi. Ndege yenu Jumatatu saa nane mchana, kwa hiyo mwisho wa shemeji ni Jumapili mchana na hapo anaruka salama. Ila nakujua mtakavyofanya, Jumapili mtalala, Jumatatu asubuhi mtaamka na hamu, na mtu wa kuwauzia daivu ya saa mbili asubuhi hatakosekana. Hiyo ikatae hata kama ni bure. Snorkeli haina habari hizo, hewa unayovuta ni hii hii ya juu, Jumatatu saa moja asubuhi unaelea, saa tano uko kwenye gari ya uwanja wa ndege nywele mbichi.

Bei sitaki kusema sana zinabadilika kila msimu, ila kwa makadirio ya huku daivu mbili za siku moja za mtu mmoja mara nyingi zinalipia snorkeli ya nyie watatu na chakula cha kwenye boti ndani.

Sasa kabla shemeji hajanuna, upande wa pili. Snorkeli si mchezo wa watoto kama inavyouzwa. Hawaii huko Marekani, ambako wanahesabu vizuri vifo vya wageni majini, snorkeli ndo inaongoza kwa wageni kufa maji kuliko shughuli nyingine zote za baharini. Wengi ni wanaume watu wazima, tena mara nyingi wenye moyo au presha, na wanakwenda kimya, hakuna kupiga kelele wala kurusha mikono, uso uko majini kama anatazama samaki. Ukiingia kwenye maji damu ya miguuni inasogea kifuani, moyo unapata kazi, ongeza kupigania pumzi kwenye kibomba na kupiga miguu dhidi ya mkondo, basi. Kwa hiyo shemeji aende kwa daktari wake hapo Mwanza kabla hamjakata tiketi, aulize kuhusu vyote viwili, dawa asiache kumeza eti yuko likizo, na baharini mnakuwa wawili wawili, kila dakika mbili mnainua vichwa kutazamana. Akihisi pumzi inakata tu alale chali, atoe kibomba, ainue mkono. Asijifanye mwanaume hapo.

Na zile maski za kufunika uso mzima na kipembe juu, sizipendi, nasema wazi. Zinavutia, unapumua kwa pua, kumbe hewa uliyoitoa baadhi inabaki ndani unaivuta tena, na ukipaniki kuivua si mkono mmoja. Chukueni maski ya kawaida na kibomba cha kawaida. Kuna mtu aliniuliza kwa nini kibomba kisiwe kirefu cha mita moja mtu aende chini zaidi, haiwezekani, maji ya mita moja tu yanakubana kifua usiweze kuvuta, na hewa chafu inabaki humo humo kwenye bomba inaenda na kurudi.

Wewe mwenyewe sasa, wa ziwani. Usiogope, na nakupa sababu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kila lita, yanakubeba kuliko ya Ziwa Victoria, ile hali ya kuzama kiuno na miguu uliyozoea huko hapa utaisikia kidogo sana. Na mamba hakuna wala kichocho. Mwaka jana nilikuwa na mama mmoja wa Singida, makamo hivi, hajawahi kuingia bahari zaidi ya magoti, watoto wake wamemleta kwa lazima. Tulianza ufukweni kwenye maji ya kiuno, sikumpa fini, vile viatu kama miguu ya bata, wala nini, nikamwambia mama piga magoti, vaa maski, toa nywele zote nje ya mpira, weka kibomba, sasa inama kama unatafuta sindano kwenye mkeka. Akainama sekunde tatu akainuka anahema. Tena. Sekunde tano. Nikamwambia pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, hesabu mpaka nne ukitoa, usikimbilie kuvuta, itakuja yenyewe. Mara ya saba hakuinuka. Nikasubiri, dakika nzima, nikaona kibomba kinatoa sauti ya kutulia, hooo, hooo, nikainama na mie kuangalia anaangalia nini, kumbe kuna pweza mdogo kwenye shimo la mwamba hatua moja mbele yake. Pweza kahawia, mama akisogea anakuwa mwekundu, akitulia anageuka rangi ya mchanga na vipele vinamtoka mwilini kufanana na jiwe, anachungulia kwa jicho moja. Walitazamana wale wawili muda mrefu mpaka mgongo wangu ukaanza kuungua. Alivyoinuka akasema, "Kumbe ana akili, na mie nimemla juzi." Siku ya tatu nilimpeleka maji ya mita sita na boya kiunoni, kaelea saa zima.

Kwa hiyo fanya hivyo hivyo Alhamisi jioni hotelini au ufukweni, kabla ya boti yoyote. Maski ijaribu kwa kuiweka usoni bila kamba, vuta pumzi kwa pua, ikijishika yenyewe ni yako, ikianguka rudisha hata kama ni nzuri. Ndevu za juu ya mdomo zinaingiza maji, shemeji anyoe au apake mafuta ya mgando hapo. Umesuka? Rasta zifunge nyuma chini, kamba ipite juu. Ukivaa hijabu vaa ile ya kubana ya kuogelea na kitambaa kisiingie chini ya mpira wa maski hata uzi mmoja, ndo maji yanapopita. Ukungu kwenye kioo dawa yake ni mate, temea, sugua, suuza mara moja, hakuna dawa ya dukani iliyoshinda mate. Laifu jaketi vaa bila aibu, ila usiijaze sana ikakusimamisha wima, unataka kulala. Miguu ipige polepole kutoka nyongani, si kama unaendesha baiskeli.

Wapi na lini, hapa ndo wageni wengi wanapigwa. Mwezi wa pili ni kaskazi, maji ya moto na mara nyingi meupe, upepo unaongezeka mchana, kwa hiyo asubuhi ndo yenu. Lakini angalia mwezi. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, tofauti ya juu na chini inafika mita nne hivi, na mkondo unakwenda kama mto. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi ya saa nne tano ndo maji yamejaa, na mkondo umepoa. Boti nyingi za wageni zinaondoka saa tatu asubuhi bila kujali bamvua wala nini, halafu mtu anaandika Zanzibar mkondo mkali na matumbawe yanakwaruza tumbo. Ukifikia upande wa mashariki, Matemwe, Paje, Jambiani, maji yakikupwa unatembea kwa miguu mbali mpaka kwenye mwamba, boti zimelala mchangani, wanawake wa mwani wako kazini. Nungwi na Kendwa hayakimbii hivyo, mtoto anaogelea saa yoyote, kwa siku nne na mtoto mimi ningekaa huko.

Mnemba mtaitengea siku moja, haiepukiki na ni kuzuri kweli, kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi hamshuki, mnaelea kwenye mwamba wa pembeni. Muombe nahodha muondoke mapema mno, saa kumi na mbili na nusu, maana kuanzia saa nne ni soko, boti juu ya boti, injini, makelele, watu wamesimama juu ya matumbawe wanapigana picha. Upande wa Wattabomi umetulia na kina kidogo, Kichwani pana ukingo unaoporomoka, unaelea juu yake unaona bluu inafunguka chini yako, tumbo linakucheka, hapo shemeji atasahau mitungi. Upande wa nje wa mashariki usikubali, huko ni kwa wazoefu na mkondo wake sio wa kutania. Na wakianza kufukuza pomboo na boti nane, kataa kuruka. Namaanisha. Pomboo aliyechoka hachezi na mtu, na nyie mtaona mgongo mmoja na moshi wa dizeli.

Siku ya pili, mkiweza bei yake, kisiwa cha Chumbe. Hapa shemeji nampiga bao la mwisho: kule Chumbe mitungi hairuhusiwi kabisa kwa wageni, ni snorkeli tu, mwamba ule ulitengwa mwaka 1994 hauvuliwi, walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wenyewe, na wamehesabu aina zaidi ya 400 za samaki. Boti inatoka Mbweni, wanachukua watu wachache, weka nafasi mapema sio kufika na kubisha hodi. Kutoka Nungwi ni safari ndefu ya gari, ila mnaweza kuifanya siku ya Jumapili mkalala mjini, uwanja wa ndege uko jirani, Jumatatu mnaamka hamna haja ya kukimbizana.

Mambo madogo. Vile vidude vyeusi vya miba mirefu usivikanyage, miba inakatikia ndani, ndo maana viatu vya mpira. Samaki aitwaye kikande, yule mkubwa, akiwa na mayai mchangani anauma, anakuja mpaka kwenye fini, usipande juu kwenda kwa sababu eneo lake limekaa kama faneli linapanuka juu, ogelea pembeni. Konyeza, wale kama jeli wanaowasha, wapo kidogo kidogo, dawa yake siki. Kiti cha pweza, wale wa umbo la nyota, wakubwa wekundu, waache walale, kuna mtembeza wageni atakuletea mkononi mtoto apige picha, mwambie asante hapana. Jua ndo adui wenu namba moja, mgongo wa mtu anayeelea ni mshikaki, vaeni fulana za mikono mirefu kuliko kutegemea mafuta, na mafuta mengine yanasemwa kudhuru matumbawe, Hawaii walipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia kuuza yenye baadhi ya kemikali hizo.

Shemeji akitaka kushuka, na atataka, mfundishe mbizi. Pumzi moja ya kawaida, inama kutoka kiunoni, miguu juu, uzito wa miguu unakusukuma, bana pua mapema, mita mbili tatu inatosha kutazama chini ya jiwe, panda. Mmoja chini mmoja juu anamtazama, siku zote. Asiheme haraka haraka kabla ya kushuka akidhani anajaza hewa, hiyo inazima king'ora cha mwili cha kukwambia pumzi imeisha na mtu anazimika kimya. Vijana wangu wawili wanavua pweza hivyo na nimewakataza hilo kwa fimbo.

Je kuna wa kumwambia achukue mitungi? Wapo. Akija peke yake au nyie wawili kwa siku nane, na barua ya daktari mkononi, afanye kozi kamili, siku tatu nne, atatakiwa aogelee mita 200 bila kusimama na kuelea dakika kumi, halafu anaruhusiwa mpaka mita 18, hapo kweli ni dunia nyingine. Aende Pemba, kisiwa cha Misali, kuta zinazoshuka kwenye mkondo wenye kina cha mamia ya mita, huko snorkeli unaona ukingo tu. Au Mombasa, kuna meli ya MV Dania iliyozamishwa makusudi mwaka 2002, iko kama mita 30, hiyo bila mtungi na mafunzo ya ziada huioni hata ufanyeje. Tatizo langu ni siku nne. Mitungi inataka muda wa kuwa mjinga kwanza, na nyie muda huo hamna. Na kama ni kitu kikubwa anachotaka, akae na hamu mpaka Oktoba au Novemba aende Mafia, potwe wanakuja karibu na Kilindoni, samaki wa urefu wa daladala nzima, na watu wanaogelea naye kwa kutumia nini? Kwa maski na kibomba.

Nitumie tarehe kamili nikuangalizie maji, nitakwambia siku ipi Mnemba na saa ngapi. Na maski ya kijana uliza ya saizi ya mtoto kabla hujatoa hela, ufukweni, umjaribishie pale pale. Ukishapanda boti watakupa ya mtu mzima na kamba iliyofungwa fundo, na siku imeharibika.